Punje Tatu Juu ya Kiatu

Kola, Machakos
Jumatatu asubuhi, baada ya mavuno ya mbaazi

Kwa jina la Mungu Baba, aliyeitamka nuru kabla hajaliumba jua, na kwa neema ya Mwanawe aliyemshika kipofu mkono akamwongoza nje ya kijiji, naanza.

Kwa dada yangu mpendwa Rahili, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, pale nyumbani Rabai.

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa, ingawa sote wawili tumekwisha kuota mvi. Hali yako i gani? Kifua kilichokusumbua wakati wa kusi kimetulia? Je, minazi ya marehemu baba ingali inazaa, na yule mgema ambaye hupanda akiimba zaburi na kushuka akiimba nyimbo nyingine, ameokoka au bado? Sisi huku tu wazima. Mke wangu Ndunge ni mzima na anakuamkia kwa adabu. Mbaazi zimekubali mwaka huu, ghala limejaa hadi kuku wanaingia kwa kiburi na kutoka kwa kiburi.

Ninajua kwamba kwanza umetaka kujua mwandiko huu ni wa nani. Ni wangu, Dada. Ni mkono wangu mwenyewe, ule uliopigwa rula na mwalimu wetu wa misheni mpaka ukajifunza kuinamisha herufi kulia. Utakumbuka kwamba miaka miwili na nusu iliyopita uliniandikia kwa ukali ukiuliza, "Tangu lini mwandiko wako umeanza kuvaa kanga?" Nami nikakujibu kwamba vidole vinaniuma, na Ndunge ananisaidia. Lile jibu lilikuwa uongo. Vidole vyangu havikuwa na neno. Nilikuwa sioni. Leo nimeona ni haki nikuungamie, kisha nikusimulie jinsi Mungu alivyonifichua mbele ya watu wote wa hapa, na jinsi nilivyomshukuru kwa kunifichua.

Ilianza kama moshi wa jikoni. Nikadhani ni jikoni kweli, nikamlaumu Ndunge kwa kuni mbichi. Baadaye nikauona moshi huo hata kanisani, ambako hakuna kuni. Ukawa mzito mwaka hata mwaka, mpaka nyuso za watu zikawa kama picha iliyonyeshewa. Mke wangu alijua, maana hakuna la kumficha mwanamke anayekutilia chai, lakini nilimwomba asiseme. Sababu yangu, Dada, haikuwa njema. Niliogopa kunyang'anywa kusimama mbele ya kanisa na kusoma. Unajua kwamba tangu niletwe huku nikiwa kijana, niwe mwalimu na msomaji wa kanisa, hiyo ndiyo kazi iliyonipa jina kati ya watu wasio wa ukoo wangu. Basi ikawa kila Jumamosi Ndunge ananisomea sura ya kesho yake, naikariri usiku kucha, na Jumapili nafungua Kitabu kwa utulivu na kugeuza kurasa kwa wakati wake, nikiyatamka niliyoyakariri. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa nikihubiri kweli huku nimesimama juu ya uongo.

Sasa, yaliyotokea ni haya. Kituo chetu cha afya kina nesi aitwaye Mwikali, mwanamke mwenye akili na moyo mpana. Mwezi wa pili alitutangazia kanisani kwamba kila Alhamisi itakuwa siku ya wazee peke yao, bila kusongwa na kina mama wenye watoto. Akatuita wazee wote wa pande hizi, wake kwa waume, katika darasa la shule ya Jumapili, tushauriane ni maradhi gani ya wazee yashughulikiwe kwanza.

Nilifungua mkutano kwa sala, na Nesi akasimama. "Wazee wangu," akasema, "tuko na chumba kimoja na siku moja kwa wiki. Tukishika mambo kumi, yote yatakuwa nusu-nusu. Tuchague mawili, tuyafanye vizuri, hayo mengine yafuate. Na mimi sitawachagulia. Mimi niko na miaka thelathini na mbili. Magoti yangu hayajui shida yenu."

"Ngoja tu," akasema Mzee Nzioka, rafiki yangu na mshindani wangu wa bao, "yatajua."

Watu wakacheka. Nesi akatandika karatasi nyeupe sakafuni, kila moja ina picha aliyoichora kwa mkono, akazitaja: jicho, goti, jino, sikio, moyo kwa ajili ya presha, na choo kwa wale wanaosumbuliwa na mkojo. Akampa kila mtu punje tatu za mahindi, ili aziweke juu ya picha ya lile linalomuumiza zaidi.

"Na mimi niko na zote?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Uko na punje tatu tu, mzee."

"Basi mimi niletee debe."

Hapo, Dada, lazima nikueleze jambo moja la desturi ya huku, ama hutaelewa yaliyofuata. Wakamba wana heshima wanayoiita *nthoni*, nayo ni kubwa zaidi kati ya mume na mama wa mkewe. Hawatazamani usoni, hawaketi karibu, hawatajani jina. Wakikutana njiani, mkwe mwanamume hutoka kando, akageuka na kungoja mama apite. Nilipooa, mapadri wa wakati huo waliniambia Mkristo halazimiki. Mimi nikaona kwamba mtu aliyenipa binti yake, mgeni nisiye na ng'ombe wala kilima, anastahili angalau nimpe njia. Nikaishika desturi hiyo tangu siku ile. Mama mkwe wangu yu hai bado, mkongwe mwenye kauli, na hata katika barua hii sitaliandika jina lake. Siku ya mkutano alikuwa amekaa nyuma kabisa na wanawake wenzake, ameelekea ukutani kwa ajili yangu, akisuka kiondo.

Nesi akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe kiongozi wetu. Anza."

Mbele yangu niliona weupe tu, weupe hapa na weupe pale. Nikajisemea moyoni, "Goti ni jambo la heshima kwa mzee. Nitaweka kwenye goti, nalo goti, kwa jinsi alivyotaja, litakuwa la pili kutoka kushoto." Nikasonga kwa mwendo wa taratibu, nikainama kama mtu anayetoa sadaka, nikaziweka punje zangu tatu juu ya weupe ule, mojamoja. Nikanyooka. Nikarudi kitini. Darasa lilikuwa kimya sana, nikafikiri ni kimya cha heshima.

Kilikuwa cha heshima kweli. Nilikuwa nimeziweka juu ya kiatu cha Nesi.

Alivaa, kama nilivyosimuliwa baadaye, viatu vyeupe vya kazi, maskini, naye alikuwa amesimama pembeni mwa karatasi. Akabaki hivyo hivyo, asiusogeze mguu, asije akaniaibisha. Akaitwa Mzee Nzioka. Nzioka anaona vizuri kama kipanga, na magoti yake yanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini kwa watu wa hapa, kumsahihisha mwalimu wa kanisa hadharani ni sawa na kumvua kanzu. Basi rafiki yangu akajikokota hadi mbele, akainama kwa maumivu, akaziweka punje zake zote tatu juu ya kiatu kile kile. Wa tatu akafuata, naye kiatuni. Wa nne akazunguka, akatazama picha ya jino kwa huzuni, akaziweka kiatuni. Punje zilipoanza kuporomoka, Nesi akashindwa.

"Wazee wangu," akasema polepole, "hiki kiatu ni ugonjwa gani?"

Nzioka akasema, "Hiyo uliza Mwalimu. Sisi tumefuata kanisa."

Ndipo nilipofahamu, Dada. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nilitamani sakafu ifunguke. Kutoka nyuma, sauti ya mama mkwe wangu ikasikika. Hakugeuka. Aliusemesha ukuta.

"Mwambieni huyo mtoto wa hospitali, hicho kiatu ni macho."

"Macho ya nani, susu?" Nesi akauliza, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Kuna mtu humu. Mimi simtaji, hata nyinyi msimtaje. Tangu amechukua binti yangu, akiniona njiani anatoka kando, anangoja nipite. Hata mvua ikinyesha anatoka. Watoto wetu wenyewe wameacha, wanasema hayo ni mambo ya zamani, lakini huyu mtu wa pwani hajaacha. Sasa imekuwa miaka miwili, anakuja moja kwa moja kama ng'ombe amesikia maji. Ni mimi natoka! Mimi na miguu hii! Nimejificha kwa katani mpaka miiba yake inanijua."

Wanawake wakaanza kutikisika mabega.

"Mara ya kwanza nikasema, amenidharau. Nikaenda nyumbani nikalia. Mara ya pili nilichelewa kutoka, akanikuta hapo hapo, akavua kofia, akaniambia, 'Habari za asubuhi, bwana.'"

Dada, kicheko kilichozuka sijakisikia tangu nizaliwe. Kuna mzee alianguka kutoka kwenye benchi. Nesi alikaa sakafuni juu ya picha ya moyo.

"Ndio nikajua si dharau," mama akaendelea bila kupoteza hata fundo moja la kiondo chake. "Mtu wa dharau hawezi kuniita bwana."

"Kwa nini hukusema, susu?"

"Ningemwambia nani? Yeye siwezi kumwambia. Na nikimwambia binti yangu, 'Bwana yako haoni,' si ni kusema nimemtazama?"

Hapo kicheko kikafa chenyewe. Kwa miaka miwili mama yule, mkongwe wa miguu mibovu, aliingia miibani ili kuilinda heshima ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kuivunja bila kujua. Nami nilidhani ni mimi ninayebeba mzigo wa siri. Nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, ni kweli. Mimi sioni. Nimekuwa nikifungua Kitabu na kukigeuza kurasa bila kuona hata herufi moja. Mnisamehe."

"Tulijua," akasema Nzioka.

"Mlijua?"

"Mwalimu, Pasaka ulikuwa umeshika kitabu cha nyimbo."

Ndipo kila mmoja akafunguka kana kwamba mlango umesukumwa. Mama mmoja akasema hupima chumvi kwa kuonja, kwa kuwa mara mbili ameitia chaini. Mwingine akasema amemfukuza mkwewe shambani kwa mawe akidhani ni tumbili. Yule wa jino akasema kumbe naye ana jicho moja tu linalofanya kazi, na hilo ni la kushoto, na hilo nalo ni vivu. Walioficha walikuwa wengi, kila mmoja akijidhania yuko peke yake.

Lakini Nesi Mwikali, nilikuambia ana akili, alikuwa amejifunza jambo jingine. Akasema, "Nimekosea mimi. Nimewaweka wakwe na wakwe pamoja, halafu nawaambia mseme ukweli." Akaomba gunia, akalitundika kwenye kamba katika pembe ya darasa, akaweka picha nyuma yake, na kikombe juu ya kila picha. Kila mtu akaingia peke yake na punje zake. Mimi akaniongoza kwa mkono na kuniambia kila kikombe kina nini, kisha akatoka.

Nilisimama nyuma ya gunia lile nikiwa na punje tatu mkononi. Nikaziweka zote kwenye jicho. Ilikuwa siku ya kwanza katika miaka miwili kusema kweli juu ya jambo hilo, na mara hii niliisema kwa mahindi.

Vikombe vilipomiminwa mezani, jicho lilishinda, na hilo halikumshangaza mtu. Cha pili kilichojaa kilikuwa kikombe cha choo. Hapo awali, mbele ya macho ya wakwe, hakuna hata mmoja angeisogelea picha ile. Wazee wote wakaanza kuyachunguza mabati ya paa.

"Ni akina nani hao wa mkojo?" akauliza Nzioka kwa sauti ya hakimu.

"Wewe ni mmoja," akasema mke wake kutoka upande wa pili.

Basi yakapita hayo mawili, macho na mkojo. Wafuasi wa magoti walinung'unika, lakini Nzioka akawatuliza: "Magoti hayakimbii. Yatatungoja." Nikafunga kwa sala fupi.

Baada ya majuma machache daktari wa macho alikuja kutoka mjini Machakos siku ya Alhamisi, akatutazama mmoja mmoja kwa tochi. Akaniambia nina ugonjwa wa mtoto wa jicho kwa macho yote mawili, nao umekomaa, na hutolewa. Niliogopa. Nilisema labda ni mapenzi ya Mungu nimalizie hivi. Ndunge, ambaye katika ndoa yetu amenipinga mara tatu tu, akanipinga mara ya nne: "Mungu amekuletea daktari mpaka Kola, na wewe unamwambia Mungu rudi?" Nikaenda. Jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya mavuno kuanza.

Kitambaa kilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa mke wangu. Alikuwa ameinama karibu, na mikunjo ya uso wake ilikuwa mingi kuliko niliyoiacha. Nikamtazama muda mrefu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nilizeeka ukiwa haupo."

Nikamwambia kwamba ni mzuri. Akasema daktari airudie kazi yake.

Dada, kuna asubuhi moja nitaikumbuka hadi nilazwe kaburini. Juma la pili baada ya kurudi, nilikuwa nikishuka njia ya kisimani kati ya matuta, umande ungali juu ya majani. Mbele yangu, mbali bado, nikaona mtu akipanda: fimbo, kiondo mgongoni, na mwendo wa kujikokota. Nikamtambua. Nilimtambua kutoka mbali! Naye akaniona, akaanza kugeukia ukingo wa katani kama alivyozoea. Nikamtangulia. Nikaruka tuta kama kijana, nikaingia katikati ya katani mzima mzima, nikampa mgongo na kuvua kofia. Mwiba ukanipenya goti, nikaufurahia. Nilisikia fimbo yake ikisimama. Kisha ikaanza tena, taratibu, katikati ya njia, njia yake. Alipofika mkabala nami hakugeuka, wala hakunisemesha. Alizungumza na fimbo yake.

"Amerudi," akaiambia.

Nikabaki katika miiba mpaka akapotea, nikilia na kucheka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu kwa haraka. Juzi nililishusha lile debe ninamohifadhi barua zako, ili nizisome kwa macho yangu badala ya kusomewa. Nilizisoma zote, tangu zile za zamani. Za mwaka huu na mwaka jana, Dada, si mwandiko wako. Herufi zako husimama wima kama nguzo za kanisa. Hizi ni za mviringo, za mtu aliyesoma shule za juzi. Nikamwita Ndunge. Akasema, "Mimi niliona tangu ya kwanza. Ni mkaza mwana wake. Lakini naye aliona mwandiko wangu, hakuuliza. Tukaendelea kusalimiana." Kumbe mimi nimekuficha, wewe umenificha, na wake wawili wa watu wamekuwa wakiandikiana kwa majina yetu!

Basi wewe mkaza mwana wetu unayemsomea dada yangu maneno haya, usiruke mstari. Soma kama yalivyo.

Dada Rahili, usiniambie habari za vidole. Dawa ile niliijaribu kabla yako. Mjini Mombasa wako waganga wa macho kama huyu wetu. Nitakuja baada ya mvua za vuli, mimi na Ndunge, nami nitakupeleka mwenyewe nikikushika mkono, kwa maana sasa kati yetu ni mimi ninayeiona njia. Lakini usingoje nije ndipo useme. Sema leo. Hao wanaokuzunguka wamekwisha kujua. Yuko mtu hapo nyumbani ambaye kila siku anakupisha, naye anaingia miibani kwa ajili yako, na hasemi. Mwonee huruma.

Wasalimu wote: kaka mdogo mjenzi na mkewe mpika mahamri, shangazi wa kizimbani, kama bado anagombana na kuku, mzee wa kengele, na kwa namna ya pekee huyo mkaza mwana mwenye mwandiko wa mviringo, ambaye Ndunge anamwita rafiki yake.

Na Bwana aliyenirudishia asubuhi akubariki wewe na nyumba yako, mlango wake na kisima chake, waingiao na watokao. Akuweke mpaka nitakapokuja, ukiwa mzima na mkali kama ulivyo. Na barua itakayonijia kutoka kwako baada ya hapo, iwe fupi, iwe chafu kwa wino, iwe ya matusi hata, lakini herufi zake zisimame wima.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Zakaria